Pumzi Kabla ya Neno

Baridi ile mjini Tbilisi umeme ulikuwa mgeni mkorofi:
unaingia saa nane za usiku bila hodi,
unakaa dakika arobaini, unaondoka bila kuaga.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kazi yangu kufagia,
kuchemsha chai juu ya jiko la mafuta ya taa
na kukesha nikiikodolea macho balbu.
Ikiwaka tu, nilipanda mbio ngazi za orofa tatu
kumwamsha Otari Gvazava: "Mwalimu, umekuja!"
Naye hakuuliza nani.

Glavu zake alizikata vidole.
Utepe aliuficha kifuani, ndani ya sweta,
kama mtu apelekaye mayai sokoni,
maana utepe wenye baridi huimba kwa kigugumizi.
"Kunasa ni kutega," aliniambia,
"ila ndege wako umwachie mabawa."

Usiku mmoja wakaja wanaume watatu wa Svaneti,
wameshuka milimani juu ya lori la viazi.
Waliimba na makoti yao, mvuke ukiwatoka vinywani,
sauti tatu zikisuguana kama visu vinavyonolewa.
Nikaleta maikrofoni tatu. Mwalimu akarudisha mbili kabatini.
"Hawa walichanganyika tangu matumboni mwa mama zao.
Wewe unataka kuchanganya nini?"
Umeme ukakatika kwenye ubeti wa mwisho.
Hawakuacha. Tukasimama gizani, mashine imekufa,
na sehemu iliyokuwa tamu kuliko zote
haimo popote.

Sikio halipiti kichwa, husema watu.
Langu limekilisha kichwa changu miaka thelathini na moja,
likilipwa jibini, asali, ahadi,
mara moja tairi mbili za gari nisilokuwa nalo.
Nimenasa matangazo ya maji ya chupa,
hotuba za wagombea (wote hukohoa mahali pamoja),
vijana wenye ngoma zinazowatangulia akili.
Jina langu lipo nyuma ya kasha la santuri, chini kabisa,
herufi punje za ufuta.
Kazi ikiwa nzuri, humsifu mwimbaji.
Ikiwa mbaya, huulizia fundi ni nani.

Halafu Lamara Chkhetiani, ile albamu yake ya pili.
Mtayarishaji alitaka usafi: "Toa pumzi zote.
Mtu asikie nyimbo, asisikie mapafu."
Nikazitoa. Wembe, gundi, wembe.
Arobaini na moja.
Lakini mkono ulikataa kuzitupa;
nikaziunga moja nyuma ya nyingine, dakika moja kasoro,
nikaandika juu ya boksi: takataka, usifute.

Alikuja mwaka jana, na fimbo,
kiharusi kimemwachia maneno matano na kicheko.
Sikujua la kumchezea. Nyimbo zake alizikataa kwa kichwa.
Nikamvisha vipokea sauti, nikashusha lile boksi.
Akafumba macho.
Ya tatu, akajipiga goti: "Sigara."
Ya kumi na tisa, akachora hewani tumbo, duara kubwa,
akacheka mpaka fimbo ikaanguka:
mwanawe alikuwa njiani, hewa haina pa kukaa.
Ya arobaini na moja hakusema kitu.
Nikafikia kitufe nizime.
"Tena," akasema.
Nikarudisha.
"Tena."

Siku hizi matoazi siyasikii.
Mwanafunzi wangu, Nutsa, huinua kidole yanapolia,
nami husogeza kitufe kama ninayejua.
Jana alitaka kufuta pumzi za mpiga filimbi,
zote, kwa mbonyezo mmoja, chai yake haijapoa.
Nikamshika mkono.
"Mahali pa kuziweka," nikamwuliza, "unapo?"