Ndewe wala Sikio

Kidevu kile kilikuwa cha kaka yangu Ostap.
Nasema sasa kwa kuwa hakuna wa kunikatalia:
mhariri kafa, mchapaji kafa,
na kampuni iliuzwa kwa kampuni iliyouzwa.

Hamilton, mwaka arubaini na nne, Kanada imo vitani,
vitabu vya katuni vya Marekani vimezuiwa mpakani,
wino wa rangi adimu kama sukari.
Basi mashujaa wetu tuliwachora kwa mweusi mtupu
juu ya karatasi iliyonuka gundi.
Nilikuwa na miaka kumi na saba na sugu kwenye kidole.
Nilisaini H. Prokopiuk,
na barua za watoto zikaja kwa Bwana Prokopiuk.

Nilimwita Bwana Tanuri.
Hakuruka. Angerukaje? Ostap hakuruka.
Alitoka zamu ya usiku na masizi kwenye nyusi,
akainua behewa lililoacha reli,
mgongo ukamuuma,
kisha akatafuta mahali pa kukaa.
Ndewe ya sikio la kushoto hakuwa nayo:
cheche ya chuma iliila, wiki ya Pasaka,
nami nikaliacha pengo lile kama lilivyo,
alama ya mtu wetu.

Toleo la tatu, mchapaji akaona kosa.
Akaliziba kwa brashi.
Nilipanda ngazi hadi ofisini kulalamika.
Sikupewa ndewe wala sikio.

Tangu hapo wamempokezana kama jembe la kuazima.
Aliyenifuata alimpa tabasamu na mbwa,
maana vita vimekwisha na watoto, walisema, wanaogopa masizi.
Akaogeshwa. Akafungwa tai chini ya joho.
Wa miaka ya sabini, kijana mwenye nywele hadi mabegani,
alimliza kurasa nne nzima kwenye mvua,
na lazima niseme kweli:
mvua ile niliionea wivu.
Halafu akaja fundi wa misuli.
Mabega kabati, kiuno nyigu,
meno sitini yaliyoumana,
na nyayo? Nyayo kila mara zimo moshini,
kwa sababu fundi hakujua kuchora nyayo.
Walimuua mara mbili.
Mara ya pili niliandika barua. Haikujibiwa.

Jumamosi hii, Lubko, mjukuu wa dada yangu, wa miaka tisa,
alinishika mkono gizani hadi kitini,
kama kwamba mimi ndiye mtoto.
Skrini kubwa kuliko ukuta wa kanisa letu.
Vazi la mpira, mikunjo kama ya tairi.
Mwigizaji ana kidevu kizuri,
kidevu cha mtu anayelala akashiba usingizi.
Mji si Hamilton tena, ni vioo tu visivyo na jina,
na tanuri (nililingoja tanuri) limekuwa roketi.

Nilikuwa nimejiandaa kuchukia.
Kisha, kati ya mlipuko na mlipuko,
akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akavua glavu kwa meno, kidole baada ya kidole,
vile vile, Ostap jikoni saa kumi na mbili asubuhi,
mama akipasha borshi.
Sekunde mbili, labda tatu.
Sikuwahi kuichora ile. Naapa.
Mikono ilinishinda; niliificha mifukoni
kama yule na nyayo zake.
Basi nani kamwambia?

Nje, theluji imegeuka tope.
“Bibi, yupi hasa ndiye mwenyewe?”
Nikaulaza mfuko wa bisi juu ya paja,
nikatoa penseli. Mkono unatetemeka siku hizi,
lakini kidevu kilikuja chenyewe, na nyusi, na sikio.
Lubko aliinama, akatazama, akacheka kwa upole.
“Umesahau kipande hapa,” akasema,
akanyosha mkono kuitaka penseli, anisahihishie.