Malipo kwa Herufi

Herufi moja shilingi thelathini,
na Bwana Mbaabu ni mtu wa hesabu.
Alikuja na karatasi ya wakili, mistari saba:
mwenye jengo, mawakala wake, warithi wake,
hawatawajibika kwa jeraha, kifo wala hasara,
iwe kwa uzembe au vinginevyo...
Akahesabu kwa kidole. Akakuna shingo.
"Fundi, andika tu INGIA KWA HATARI YAKO."
Kumi na nane. Mia tano na arobaini.

Jengo liko Ngara, ghorofa nne,
ngazi haina taa tangu Pasaka.
Balbu, duka la hapo chini, ni mia na ishirini.
Kipandio cha saba kinacheza kama jino la mtoto.
Wapangaji hukiruka bila kufikiri,
mguu umeshakariri.

Odera wa gesi hakukariri.
Mtungi begani, kilo kumi na tatu, na giza.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga;
juu ya goti la mgeni hawakusema kitu.
Sasa kesi iko Milimani
na mimi niko hapa na brashi.

Nikiwa kwenye H nikamuuliza:
na yule anayeruka ukuta usiku
kufuata suruali za watu kwenye kamba?
"Huyo sikumwita."
Na fundi wa stima?
"Huyo analipwa kwa kuogopa."
Na mimi huku juu?
"Ngazi ni yako. Changu ni ukuta."

Nilicheka, karibu nimwage rangi.
Kweli, mguu wake mbovu niliufunga waya mwenyewe;
nikianguka nayo nitamshtaki nani?
Ila Kiswahili kimetupa neno moja:
ngazi yangu ya mbao, ngazi yake ya saruji,
na mpaka kati yetu
sijui kama unatosha upana wa brashi.

Ndipo Mueni akashuka, miaka minne,
kikombe cha uji mkononi,
akaruka cha saba (mama kamfundisha),
akasimama, akainua kidevu:
"Hiyo ni picha ya nini?"

Rangi ilibaki kidogo kwenye kopo.
Nikapiga magoti gizani
nikakipaka kile kipandio chote, chekundu,
mpaka pembeni.

Bwana Mbaabu akachungulia kutoka mlangoni.
"Na hiyo je, utaihesabu vipi?"

Sikumjibu. Nilikuwa naosha brashi.
Bila taa, hata nyekundu ni nyeusi.