Mshale Uko Katikati

Njia ya Omalo haina huruma na gia otomatiki.
Inapanda kutoka Pshaveli ikijikunja, jiwe na tope,
hadi Abano, ambako theluji ya Juni bado imekaa pembezoni
kama deni ambalo hakuna anayekuja kulidai.

Delika ya Ioseb ni ya mwaka tisini na nne.
Nyuma tumepakia magunia kumi na manne ya chumvi ya kondoo,
unga, mtungi wa gesi, na mama mkwe wake, Nanuli,
ambaye uzito wake, kwa heshima, hatuuhesabu.

Ilianza kwa harufu.
Si ya breki: breki hunuka kwenye mteremko, na sisi tulikuwa tunapanda.
Wala si ya mpira. Ilikuwa tamu kidogo, tamu ya kukera,
kama sukari iliyosahauliwa sufuriani mpaka ikawa makaa.
Nikasema, "Ioseb, gari linanuka."
Akasema, "Ni jibini la Nanuli."
Nanuli akasema jibini lake halijawahi kuungua.

Akanionyesha dashibodi. Mshale wa joto katikati kabisa,
umetulia kama shahidi aliyekwisha kulipwa.
Huo ni wa injini, nikamwambia.
Injini ina maji yake, ina feni yake, ina wa kuisemea.
Giaboksi iko chini gizani na damu yake nyekundu,
na taa yake ya kuomba msaada
ilikufa kabla wewe hujalinunua gari.

Kisha kona ya tisa, au ya kumi na moja, sikumbuki:
anakanyaga, injini inapiga kelele,
gari linafikiria.
Linafikiria.
Halafu linaruka mbele
kama mtu aliyeamshwa usiku na kuulizwa jina lake.

Baba naye alianza hivyo.
Ulimwita, akaitika baada ya pumzi mbili.
Tulicheka, tukasema uzee una foleni yake.
Alikula, alilala, alikamua kondoo wake,
mshale wake ulikuwa katikati,
na hakuna aliyeinama kuchungulia chini.

"Simama."
"Kilimani? Nikisimama hapa haliondoki."
"Usiposimama hapa halitaondoka popote."

Nikamkataza kuzima injini.
Nyutro, breki ya mkono, jiwe nyuma ya kila tairi;
acha mafuta yazunguke, yapite kwenye rejeta yao ndogo
iliyozibwa na matope ya tangu mwaka juzi.
Injini ikinguruma, nikachomoa kijiti,
nikakifuta kwa shali yangu, nikakichovya tena.

Mafuta mazima yana rangi ya maji ya komamanga.
Haya yalikuwa kahawa iliyochemshwa mara tatu,
na nilipoyasugua kati ya vidole
nilihisi chembe, laini kama vumbi la kinu:
sahani za klachi,
zikijisaga zenyewe ili sisi tufike.

Ioseb alinusa kidole changu.
Hakutaja jibini.

Tulikaa saa nzima na robo. Nanuli alikata mkate.
Mawingu yalipita chini ya miguu yetu yakienda Kakheti.
Tulishusha magunia manane ya chumvi,
tukayapanga nyuma ya mwamba, tukaandika jina kwa mkaa,
ingawa kondoo hawasomi
na hakuna kitakachowazuia.
Nanuli akatangaza kwamba atatembea kona za mwanzo.
"Kwa heshima," akasema, akinitazama mimi.

Tukaondoka kwa gia ya chini, mwendo wa ng'ombe,
madirisha wazi, redio imezimwa.
Kila baada ya mita chache Ioseb aliuliza, "Unasikia?"
na sikujua anamaanisha sauti au harufu,
nikajibu yote mawili: "Nasikia. Polepole."

Nanuli alitupita kwenye kona ya pili.