Panki

Kwenye fomu ya mkopo ya halmashauri,
nafasi ya nne, Aina ya Biashara,
mama alinisogezea kalamu:
Andika panki.

Nikaandika. Herufi tano.
Bwana Rwegoshora, afisa maendeleo,
kalamu tatu mfukoni, yenye wino moja,
akalipitishia mstari:
Hili si Kiswahili, binti. Ni la wapi?

La wapi?
Mimi nililikuta Igogo,
likitoka na toroli mlango wa nyuma wa kiwanda:
kichwa, mgongo, mkia,
na nyama kidogo iliyoponea mbavuni,
minofu ikiwa imeshapanda ndege,
bondo limeshafungiwa sandukuni.
Nililikuta mdomoni kama nilivyokuta meno.

Lakini neno likikatwa linawasha.
Nikashuka Mwaloni kuuliza.

Masalu wa mizani alisema ni la vinyozi.
Zamani vijana walinyoa huku na huku
wakaacha ukingo katikati, umesimama,
na mtindo huo ukaitwa panki.
Sasa sangara, ukishamvua minofu kushoto na kulia,
anabaki na nini? Tazama mwenyewe.
Nikatazama. Mwiba ulisimama wima
kama unakwenda dansini.

Nyabise wa vichwa alicheka hadi akashika ndoo.
Uongo wa wanaume! Ni sauti ya panga.
Likitua kwenye mfupa linasema pank.
Sikiliza.
Nikasikiliza. Siku ile
panga lilisema hivyo kweli.

Maktaba ya mkoa wana kamusi ya Kiingereza,
jalada limeshonwa kwa uzi wa nyavu.
Humo neno linaandikwa kwa u na kusomwa kwa a,
Wazungu na mambo yao,
na maana zimepanga foleni kama ndoo bombani:
mhuni,
kijana asiyefaa kitu,
muziki wa makelele wa vijana waliojitoboa mashavu kwa pini,
na nyuma yao, mwanamke auzaye mwili
(hapo nikageuka kuona kama kuna anayechungulia)
na pembeni kabisa, limechuchumaa peke yake:
mti uliooza,
mkavu, mwepesi, wa kuwashia moto.

Asili haijulikani vizuri. Huenda
wenyeji wa Amerika, kabla ya meli,
walitamka kitu kama hicho
wakimaanisha vumbi, majivu.

Kumbe hata Mwingereza aliazima,
na hakuna aliyempitishia mstari.

Jioni nilimkuta mama nyuma ya nyumba, Mabatini,
kuni mbichi zimemgomea, macho mekundu.
Akavunja kipande cha ubao wa mtumbwi wa zamani,
ulioliwa na maji ya ziwa
hadi ukawa kama mkate wa juzi,
akausukuma chini ya karai.
Ukashika kwa njiti moja.

Mama, mti huo unaitwaje?

Upi? Huu? Umeoza tu. Una jina gani?

Nilitaka kumwambia.
Nilikuwa nimelibeba tangu maktaba,
kilima chote, kama yai.
Lakini mafuta yalishaanza kulia,
na yeye alishatumbukiza la kwanza,
mwiba juu, mkia nje ya karai.
Leta chumvi, alisema, na hao inzi uwafukuze.

Jumatatu tulirudi ofisini.
Juu ya mstari wa Bwana Rwegoshora nikaandika,
kwa mwandiko wa shule,
Mabaki ya samaki, ya kukaanga.
Akasoma mara mbili. Akagonga muhuri.

Akatusindikiza hadi mlangoni,
akatazama nyuma yake, akatazama ukumbini,
akashusha sauti:

Mama, hayo mapanki,
yale yenye kichwa kikubwa,
unauzaje?