Nyumba ya Pampu

Huku kwetu Frisia ardhi iko chini ya bahari
na hakuna anayeshangaa.
Baba, Wiebren, alikuwa mlinzi wa pampu ya kijiji:
usiku na mchana inavuta maji ya mashamba,
inayapandisha mferejini, yanakwenda zake.
Ikikoroma vibaya alijua hata usingizini.
Aliamka, akavaa viatu vya mbao juu ya soksi,
akatoka na tochi.
Miaka thelathini na mmoja pampu haikuzimika.
Yeye ndiye aliyezimika,
asubuhi ya Jumanne, kikombe mkononi,
na kahawa haikumwagika yote.

Babake naye, malishoni, katikati ya ng'ombe.
Shangazi Aukje, kanisani, kabla ya ubeti wa tatu.
Kijijini walisema: ukoo wa kina Tolsma una haraka.
Ulikuwa utani, mpaka Jelte, kaka yetu,
arobaini na moja,
alipoanguka kwenye barafu mbele ya macho yetu
akiteleza, mikono mgongoni,
na mwili ukaendelea kwenda, kidogo,
kwa ile kasi aliyouachia.

Ndipo Groningen wakatuita.
Daktari Roelien alichora ukoo wetu kwa kalamu:
mraba mwanamume, duara mwanamke,
mstari wa mshazari kwa aliyekufa.
Karatasi ikawa kama dirisha lenye mvua ya Novemba.
Akasema ndani ya chembe za mwili mna maandishi,
na mahali fulani katika maandishi yenu
herufi tatu zimedondoka.
Tatu tu?
Tatu tu.
Nikawaza: toa herufi moja kwenye uzima,
inabaki zima.

Dada yangu Sjoukje alicheka, ndivyo alivyo,
akanyoosha mkono, akamwambia muuguzi
achote ya kutosha, asije akarudia.
Mimi nilipiga moyo konde,
kisha nikajuta kuupiga,
nisije nikauchokoza.

Jibu langu nilikuwa nalijua.
Nina pua ya baba, vidole vyake vya baridi,
mazoea yake ya kuamka saa tisa usiku kusikiliza.
Wiki sita niligawa vitu vyangu kimoyomoyo:
saa ya ukutani kwa Nynke,
baiskeli kwa jirani,
madeni nisamehewe.

Barua yangu ilisema: haikuonekana.
Ya Sjoukje ilisema: imeonekana.

Watu wakanipongeza dukani, kwenye foleni ya mkate.
Nikasema asante.
Nani angenielewa kama ningesema
nilijiona mtoto aliyerukwa katika wasia?
Kwamba baba aligawa alichokuwa nacho
akampa yule anayefanana na mama?
Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Yangu niliitazama siku ile machoni mwa dada
ikawa maji matupu.

Sasa ana kidude chini ya mtulinga,
ukubwa wa kiberiti, kinamlinda akilala.
Anakiita Wiebren.
"Wiebren kanipiga teke jana," ananiambia kwenye simu,
"nilikuwa namenya viazi tu,"
na anacheka,
na mimi natua sufuria chini maana mikono haishiki.

Wanawe wawili hawajapima. Mkubwa, Hidde,
anasema kwanza amalize mtihani wa leseni ya lori.
Mdogo haulizi.
Sjoukje hawalazimishi. Ila nimemkuta
akiwatazama wakipanda ngazi.

Januari hii mfereji umeganda tena.
Yeye haruhusiwi kushindana wala kukimbia,
kwa hiyo anasimama ukingoni na chupa ya supu ya njegere
akinifokea: kunja magoti, wewe mwanamke, kunja magoti!
Nateleza kwenda, nateleza kurudi.
Kila nikimfikia naweka sikio kifuani pake
na koti ni zito, sisikii kitu,
ila ng'ambo ya mashamba,
pampu.