Kopo la Vifungo

Kopo hili lilikuwa la vifungo vya Tineke.
Nimevimwaga mezani, vikabingirika hadi chini ya jiko,
na Knoop, kicheche wangu, yaani Kifungo,
akatoweka na jina lake mdomoni.

Nje mfereji umeganda. Daktari wa wanyama
yuko Groningen, dakika arobaini,
barabara ikiwa na huruma.
Basi nakunja bandeji upana wa kidole
kwa mguu usiozidi kalamu;
unga wa mahindi, ukucha ukikatika na damu ikagoma kukoma;
bomba la sindano lisilo na sindano;
soksi yangu ya sufu, isiyofuliwa,
maana mgonjwa huyu hutulia gizani tu,
akininusa.
Kila mtu na manukato yake.

Froukje, binti yangu, anaandika namba ya simu kifuniko kizima,
tarakimu kubwa kama za kituo cha treni.
Haya, macho yangu nayajua.

Asali naiweka mwisho.
Juzi Knoop alilala macho wazi, mate yakimtoka,
mwili tepetepe kama glavu iliyolowa.
Sukari imeshuka. Sikuuliza mtu.
Kidole chenyewe kilichovya, kikapaka ufizi,
taratibu, asipaliwe,
kama kilivyozoea saa tisa usiku, miaka kumi na moja,
kwenye ufizi mwingine.

Akapiga chafya. Akaning'ata.
Nikacheka hadi nikakaa sakafuni.

Froukje anauliza, kwa nini chupa mbili?
Namwambia moja ni ya chai.