Korija Kumi na Moja

Nilitumwa Mkunumbi na saa ya kupimia mbio,
daftari la mistari, na winchi ya mkono
ya rangi ya chungwa, bado ina karatasi ya bei.
Nipime nani ashushaye boriti upesi
kwenye ukingo ule, maji yakitoka,
ulio wima kama ukuta wa kisima
na utelezao kama mlenda.

Mbwarali Famau hakuitazama winchi.
Alivua makubadhi, akayapanga juu ya mzizi
kama mtu aingiaye msikitini,
akalaza fito mbili sambamba,
akazipaka tope kwa kiganja,
na boriti ya kwanza ikateremka kitako
hadi kwa Bunu, aliyeipokea kwa bega
huku amezama mapajani.
Dakika moja na nusu. Nikaandika.
Ya pili, dakika mbili: alisimama
kuinamisha kando miche ya mkandaa, isivunjwe.
Daftari halikuwa na safu ya miche.
Nusu ile nikaiita "kuchelewa".

Ng'ambo, sisi tulifunga kamba kwenye mkoko mnene.
Winchi ikasaga meno. Boriti sita kwa mpigo
zilishuka zikilima,
na mizizi ikabaki nje, myeupe, kama kitu
kisichostahili kuonwa na wageni.
Vijana walishangilia. Hata mimi.

"Mai yaya," akasema Mbwarali.
Bamvua likapanda, tukahesabu kwa ishirini ishirini:
korija kumi na moja zetu, zake saba.
Kumi na moja nikaipigia mstari mara mbili.

Miezi mitatu baadaye nilirudi kuchukua vifaa.
Mkoko wa kamba ulilala kifudifudi mkondoni,
ukingo umerudi nyuma hatua tisa.
Nilizipima; sikuwa na jingine nilijualo.
Mashua haikaribii tena pale, tope limejaa,
na vijana wale wale walipanga foleni
kwenye fito mbili za Mbwarali.

Nilingoja aseme neno.
Aliuliza tu kamba iko wapi,
maana mbuzi wa mkewe amezoea kula kanga za jirani.
Nikampa. Akaijaribu kwa goti.
"Nzuri," akasema. "Haikatiki."

Usiku ule, Mokowe, nilichora safu mpya
pembeni mwa jedwali, nyembamba mno,
haikutosha neno. Nikaandika "u", ya ukingo,
na chini yake, kwa penseli,
tisa.